Nyumba za Mwanzo wa Bomba

Kazini walimwita Bilauri, mtaani walimwita Bilauri, na hata mkewe alimwita hivyo hivyo siku akimkasirikia. Jina lilitokana na mazoea yake. Kila asubuhi akifika kwenye mtambo wa kusafisha maji, kabla hata hajavua koti, alikinga bilauri moja kwenye koki ya mwisho, pale maji yanapoaga mtambo kwenda mjini. Akaiinua kuelekea dirishani, akafumba jicho moja, akatazama. Yakiwa meupe pe, aliyanywa yote kwa mkupuo, akapangusa midomo, ndipo siku ikaanza. Alifanya hivyo miaka ishirini na mitatu.

"Macho haya," alikuwa akiwaambia wafanyakazi wapya, "yanaona uchafu ambao mashine bado inajiuliza."

Na hayakuwa majigambo matupu. Alikuwa msimamizi wa zamu ya mchana, na mtambo aliujua kama mtu anavyoijua nyumba aliyozaliwa. Maji ya mto yaliingia upande wa juu yakiwa na rangi ya siku hiyo. Yalitiwa shabu, yakakorogwa taratibu, uchafu ukagandana ukawa madonge laini, madonge yakazama chini ya mabwawa. Maji ya juu yalitiririka kwenda kwenye machujio ya mchanga, yakatoka huko yamechujika, yakatiwa klorini, kisha yakapumzishwa kwenye tangi kubwa lililofunikwa kabla ya kupelekwa kwa watu. Bilauri alizijua pampu kwa kikohozi cha kila moja. Akiwa kantini anakunywa chai, aliweza kusema, "Namba mbili imeanza kuchoka," na fundi akienda kuitazama, anakuta kweli.

Mdogo wake wa kike, aliyekuwa akifundisha watoto wa chekechea na kwa hiyo mji mzima ukimwita Mwalimu, alikaa mtaa wa kwanza chini ya mtambo. Bilauri mwenyewe ndiye aliyemtafutia nyumba hiyo. "Hapa utakunywa maji yakiwa bado na joto la mkono wangu," alimwambia siku ya kuhamia. Yeye na mkewe walikaa upande wa pili wa mji, mkiani kabisa mwa bomba, ambako maji hufika yakikoroma na siku nyingine hayafiki.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, Jumanne, alipotoka kazini akamkuta mkewe kwenye kibaraza. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na mtu akitaka habari za mji alikuwa hana haja ya redio; alikaa tu pale dakika kumi akijifanya anasubiri suruali.

"Umesikia habari za wifi yangu?" mkewe alimwuliza bila kuinua macho kwenye mshono. "Amewapeleka mapacha zahanati. Macho yamekuwa ya manjano kama kiini cha yai."

Bilauri hakukaa hata chini. Aligeuka palepale akaenda.

Mapacha walikuwa na miaka saba, msichana na mvulana, watoto ambao kwa kawaida walisikika kabla ya kuonekana. Siku hiyo walikuwa wamelala kwenye godoro moja sebuleni, kimya. Mvulana alifumbua macho, akasema "Shikamoo mjomba" kwa sauti ya mtu mzima aliyechoka, akayafumba tena. Weupe wa macho yake haukuwa weupe.

"Nesi anasema ni homa ya ini," Mwalimu alisema. "Ile inayoingilia mdomoni. Hawana hamu ya kula, wanatapika, mkojo kama chai ya rangi. Kasema hawamo hatarini, wapumzike na wanywe sana." Aliwafunika shuka vizuri. "Akaniuliza maji yetu yanatoka wapi."

"Ukamwambiaje?"

"Nimwambieje, kaka? Nimwambie yanatoka kwako."

Alisema bila ubaya, lakini Bilauri alihisi kama amepigwa kofi. Akainuka, akaingia jikoni. Akafunua pipa la maji, akamulika ndani kwa tochi ya simu. Akainusa kata. Akauliza matunda huoshwa wapi, na wale watoto hunawa mikono wakitoka chooni au hukumbushwa, na kule chekechea anakofundisha vyoo vikoje, maana watoto hamsini kwenye vyoo viwili, hapo mtu asitafute mchawi.

Mwalimu alimtazama kutoka mlangoni, mikono ameikunja kifuani. "Mimi ndiye ninayewaimbisha watoto wa mji huu wimbo wa kunawa mikono. Nimekwambia wanangu wanaumwa, wewe umekuja kunikagua?"

"Sijakukagua. Ninasema tu maji hayana kosa." Akafungua bomba, akajaza kikombe, akakiinua kwenye mwanga, akanywa chote mbele yake. "Haya. Umeona?"

"Nimeona. Wewe una miaka hamsini na mitatu ya kunywa kila kitu, kaka. Tumbo lako limeshasoma hadi chuo kikuu. Hawa ndio kwanza wanaanza shule."

Bilauri aliondoka bila kuaga vizuri. Njia nzima alikuwa akijitetea kwa sauti ya chini, na kila alipomaliza utetezi, aliuanza upya.

Kufika Ijumaa, wagonjwa walikuwa kumi na mmoja. Jumatatu, kumi na tisa. Nesi wa zahanati alimwandikia barua Meneja wa mtambo, na Meneja akaita kikao. Walikuwa watatu tu chumbani: Meneja mwenyewe, mtu mpole aliyependa mambo yaishe kabla ya chakula cha mchana, Bilauri, na mwanamke wa maabara, aliyekuwa na miezi minane tu hapo, ambaye wote walimwita Mpimaji.

"Nesi anaandika," Meneja alisoma, "kwamba mwezi wa jana alitibu pia vibarua wanne wa kambi ya barabara, ile iliyo kando ya mto, juu yetu. Ugonjwa huo huo. Anasema vyoo vya kambi vimechimbwa karibu na maji." Akavua miwani. "Mpimaji, vipimo vyetu vinasemaje?"

"Vizuri," Mpimaji alisema. "Bakteria hakuna. Klorini kwenye koki ya mwisho iko kama inavyotakiwa, kila siku."

Bilauri akashusha pumzi. "Basi si sisi."

"Nilichopima ni bakteria, baba," Mpimaji alimjibu kwa heshima. "Virusi sikupima. Hatuna kifaa hicho. Maabara chache sana zinacho." Akakunjua karatasi juu ya meza. Alikuwa amechora mitaa ya mji kwa kalamu ya risasi, na juu yake ametia vidoa vyekundu. "Nilikwenda zahanati nikaomba anwani, si majina. Kila kidoa ni nyumba yenye mgonjwa. Hebu tazameni."

Karibu vidoa vyote vilikuwa vimekusanyika mahali pamoja, kwenye mitaa mitatu ya mwanzo wa bomba. Viwili tu vilikuwa katikati ya mji. Mkiani, anakokaa Bilauri, karatasi ilikuwa nyeupe.

Bilauri akacheka, si kwa furaha. "Hapo umejijibu mwenyewe, binti. Maji yangekuwa mabaya, sisi wa mkiani ndio tungezikwa kwanza. Kule kwetu bomba ni la zamani, lina kutu, linavuja."

"Kama tatizo lingekuwa bomba, ni kweli. Lakini kama tatizo ni muda?" Mpimaji aliweka kidole kwenye mtaa wa kwanza. "Klorini haiui palepale inapoguswa. Inataka ikae na maji, ifanye kazi yake polepole. Maji yanayokwenda kwako yanakaa ndani ya bomba karibu nusu siku. Kazi isiyokwisha hapa, inamalizikia njiani. Hawa wa mwanzo wanayafungulia maji yakiwa yametoka kwetu sasa hivi."

"Ndiyo maana tuna tangi," Bilauri alisema. "Yanakaa tangini nusu saa nzima kabla ya..."

Meneja alidhani anatafuta neno. Bilauri hakuwa anatafuta neno, lilikuwa limeshampata.

Tangi lile lilikuwa na vyumba viwili, na ndani ya kila chumba kulikuwa na mbao, kama kuta, za kuyazungusha maji, yaende yakirudi, yasikimbilie mlango wa kutokea. Mwisho wa mvua ukuta wa chumba cha pili ulipasuka. Bilauri aliagiza kifungwe, mafundi wakapiga plasta, plasta ikaachwa ikauke. Ikakauka. Wiki ikapita, ikapita nyingine, maji yanakwenda mjini bila malalamiko, klorini inasoma sawa, na yeye akajisemea atakifungua siku ya nafasi. Miezi miwili na nusu ilikuwa imepita na siku ya nafasi haijafika.

Lakini hata chumba kimoja ni robo saa, alijiambia. Robo saa si haba. Na kikao kikaisha, Meneja akasema waendelee kuchunguza, na Bilauri akatoka bila kusema neno.

Jioni alikula matonge mawili, akasogeza sahani.

"Una nini?" mkewe aliuliza.

Alimweleza. Alieleza taratibu, kama mtu anayetoa mwiba, na alipofika kwenye ile plasta alitazama sakafu. Mkewe hakumwambia umekosea wala hujakosea. Alikuwa amekaa na gauni la mteja mapajani, analifumua.

"Mimi nguo ikinirudia imechanika," alisema baadaye, "sianzi kuangalia ilipochanika. Naangalia nilipoikata. Mara nyingine nakuta mteja kanenepa tu. Mara nyingine nakuta ni mkasi wangu. Lakini mpaka nitazame."

Asubuhi Bilauri alimkuta Mpimaji akifungua mlango wa maabara.

"Binti, kuna neno jana nililimeza. Limenikaa kooni usiku kucha."

Akamwambia. Mpimaji alisikiliza mpaka mwisho, funguo bado ziko kwenye kitasa. Hakushangaa sana, na hilo lilimuuma Bilauri kuliko kama angeshangaa.

"Robo saa unayosema ni hesabu ya karatasini," Mpimaji alisema. "Tuyaulize maji yenyewe."

Walikwenda stoo wakachukua chumvi ya kawaida, wakaikoroga kwenye ndoo mpaka ikayeyuka yote. Mpimaji alikuwa na kifaa kidogo chenye kioo cha tarakimu ambacho hupima chumvi ndani ya maji. Akamweleza kazi ilivyo: Bilauri amwage ndoo pale maji yanapoingia tangini, yeye asimame pale yanapotokea, na wahesabu dakika mpaka tarakimu zianze kupanda. Chumvi ikichelewa, na virusi vinachelewa. Chumvi ikiwahi, basi navyo vinawahi.

"Namwaga!" Bilauri alipaza sauti.

"Haya!" Mpimaji aliitikia, akabonyeza saa ya simu.

Bilauri alikuja akasimama kando yake, ananuka jasho, ndoo bado mkononi. Walitazama kile kifaa. Dakika ya kwanza, tarakimu zimetulia. Ya pili, zimetulia. Ya tatu. Bilauri akaanza kutulia na yeye. Dakika ya nne tarakimu ya mwisho ikaruka, ikafuata ya kabla yake, kisha zikaanza kupanda mbio kama mtu anayepanda ngazi amechelewa.

"Nne," alisema Mpimaji.

"Kifaa ni kizima hicho?"

"Kizima."

Walirudia na ndoo ya pili. Dakika nne na nukta kidogo. Baadaye mafundi waliposhuka kwenye kile chumba kimoja kilichokuwa kikitumika, walikuta ubao wa kuzungusha maji umeng'oka chini. Maji yalikuwa yakipiga njia ya mkato, toka mlangoni hadi mlangoni. Maji ya mitaa ya mwanzo yalikuwa yakikutana na klorini na kuagana nayo kama watu waliopishana sokoni.

Hayo yangetosha kumvunja mtu siku moja, lakini Mpimaji alikuwa na swali jingine, na aliliuliza akiwa ameketi, daftari la mtambo limefunguliwa mbele yake.

"Baba, hapa naona shabu imepunguzwa. Toka mvua zilipoisha tunatia theluthi moja tu ya ile ya zamani."

"Mimi ndiye niliyepunguza. Mto wenyewe ulikuwa unang'aa! Unaona kokoto chini. Shabu ya nini kwenye maji kama hayo?"

Mpimaji alipanga mitungi sita ya kioo kwenye mashine ya kukorogea, akaijaza maji ya mto yaleyale ya kung'aa. Wa kwanza akautia shabu ya Bilauri, wa pili akaongeza kidogo, na kuendelea hivyo mpaka wa sita. Mashine ikakoroga upesi, kisha polepole. Walikaa wakingoja. Kwenye mtungi wa kwanza hakukutokea kitu. Maji yalibaki mazuri kama yalivyokuwa. Kwenye wa nne, vijinyuzi vyeupe vilianza kujitokeza, vikashikana, vikawa madonge mepesi kama unga uliorowa, yakashuka chini moja moja.

"Sasa niambie," Mpimaji alisema. "Wa kwanza na wa nne, upi mchafu?"

"Kwa macho? Wa nne. Una takataka chini."

"Hizo takataka ndizo mtego wetu. Virusi ni vidogo mno, baba. Ule mchanga wa machujio, kwa virusi ni kama goli la mpira kwa kunguni. Kirusi kinapita katikati, kipa hajui. Mpaka kwanza kinate kwenye donge. Kikinata, kinazama nalo, au mchanga unalishika donge na kirusi chake ndani. Kinachoponyoka hapo, klorini inakimaliza ikipewa muda." Akagusa mtungi wa kwanza kwa kalamu. "Hapa hakuna donge. Vyote vimepita. Wewe uliona maji meupe, na ni kweli yalikuwa meupe."

Bilauri alikaa kitambo akiutazama ule mtungi. Kosa la shabu peke yake, tangi zima lingelifunika. Kosa la tangi peke yake, shabu ya kutosha ingelipunguza makali. Yeye alikuwa amefungua milango miwili ya nyumba moja, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja kwa sababu iliyoonekana nzuri, na upepo ukapita moja kwa moja. Na mto wa kiangazi, mdogo, hauna maji ya kutosha kuuzimua uchafu wa kambi, ulikuwa umeleta huo upepo ukiwa mkali.

"Na mimi," alisema mwishowe, "nimekwenda kumulika pipa la dada yangu kwa tochi."

Mpimaji hakujua habari za pipa, wala hakuuliza.

Saa tano walikuwa ofisini kwa Meneja. Meneja alisikiliza, akajifuta uso kwa leso, akasema lile ambalo watu wengi wangesema. "Basi jambo limejulikana, na dawa yake imejulikana. Rudisheni shabu leo. Fungueni tangi lote, tengenezeni kilichoharibika humo. Kesho maji yatakuwa salama. Kuna haja gani ya kuwasha moto mjini?"

"Yaliyomo bombani watu wanakunywa sasa hivi," Bilauri alisema. "Na waliokunywa wiki tatu zilizopita bado hawajaanza kuumwa. Nesi anasema ugonjwa huu unajificha mwezi mzima mwilini, na mtu anaambukiza wenzake kabla hajajua. Wakijua, watachemsha maji, watanawa, watatenga vyombo. Wasipojua, wataendelea kupeana."

"Ukitangaza, watauliza ni nani."

"Nitawaambia."

Meneja alikunja leso yake. Yeye na Bilauri walikuwa wameanza kazi mwaka uleule. "Bilauri, umebakiza miaka saba tu ustaafu."

"Ndiyo. Nataka kuimaliza nikiwa naweza kupita mtaa wa kwanza."

Meneja akavuta karatasi, akaandika tangazo kwa mkono wake mwenyewe, akatia sahihi. Hakika, siku ile alichelewa chakula cha mchana.

Gari dogo la mtambo lilifungwa kipaza sauti juu, na Bilauri akakaa kando ya dereva na ile karatasi. Sauti yake alipoisikia ikitoka juu ya paa hakuitambua. Chemsheni maji ya kunywa mpaka yatokote vizuri. Naweni mikono kwa sabuni. Mwenye homa, kichefuchefu au macho ya manjano aende zahanati. Kosa limetokea kwenye mtambo, linarekebishwa. Mtaa wa kwanza alimwomba dereva asimame, akashuka, akayasema tena bila kipaza sauti, kwa maana alihisi ni utovu wa adabu kuwaambia watu jambo hilo kutoka juu ya gari.

Walitoka milangoni. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamsogelea.

"Kosa la nani?"

"Langu, mama."

"Mzee mzima! Miaka yote hiyo! Ulikuwa unaangalia nini?"

"Nilikuwa naangalia weupe," alisema Bilauri.

Yule mama alifyonza, akageuka. Mwingine akasema angalau kakubali, wengine wangekufa nalo. Mwingine akasema kukubali hakumponyi mumewe. Bilauri alisikiliza yote, maana hakuwa na kwingine kwa kwenda. Mwalimu alikuwa amesimama kwenye lango lake, nyumba ya tatu. Alimsikia kila neno. Bilauri alipoinua macho kumtafuta, dada yake alikuwa ameshaingia ndani na kufunga mlango, taratibu, bila kuubamiza.

Wagonjwa walifika thelathini na wanne kabla ugonjwa haujarudi nyuma. Hakufa mtu. Mzee mmoja mshona viatu alilazwa wiki mbili, na Bilauri alikwenda kumwona mara tatu. Mara ya kwanza mzee aligeukia ukutani, mara ya tatu alimwomba amsogezee mto. Vyoo vya kambi ya barabara viliamriwa kuhamishwa, na baada ya barua nyingi vikahamishwa. Chemsha-chemsha iliendelea majuma matano mpaka Mpimaji, aliyepeleka chupa za sampuli kwenye maabara kubwa na kusubiri majibu kwa meno yaliyoumana, alipotamka kwamba sasa inatosha.

Bilauri alipewa barua ya kuvuliwa usimamizi. Alipelekwa kwenye machujio, chini ya kijana ambaye yeye Bilauri ndiye aliyemfundisha kazi, na yule kijana kwa wiki ya kwanza alikuwa akimwamrisha huku akiomba radhi. "Niambie tu nifanye nini, mkuu," Bilauri alimwambia, "usinifunge kamba ya hariri, amri ni amri." Mpimaji aliandika kanuni mbili akazibandika ukutani: shabu ipimwe kwa mitungi kila asubuhi, hata mto ukiwa unang'aa namna gani, na chumba cha tangi kisifungwe wala kufunguliwa bila ndoo ya chumvi. Kuosha ile mitungi sita kukawa kazi ya Bilauri. Hakuna aliyempangia. Aliizoea tu, na baada ya muda alianza kubahatisha, kabla mashine haijasimama, ni mtungi upi utagandisha vizuri. Alikosea mara nyingi. Mpimaji alikuwa akimwandikia alama kwenye kona ya daftari, na siku aliyopata tano mfululizo alimpigia makofi.

Mwalimu hakuja kwake wala hakumpigia simu karibu mwezi na nusu. Mkewe Bilauri ndiye aliyekuwa akienda, akirudi anasema, "Wanakula sasa," au "Leo wamepigana, wamepona hao," kisha haongezi neno, na Bilauri hakuthubutu kuuliza kama ametajwa.

Jumamosi moja mchana alikuwa kibarazani akibadilisha mkanda wa cherehani alipowasikia mapacha kabla ya kuwaona. Mwalimu alikuwa nyuma yao na mfuko wa nguo. Shule ilikuwa inafunguliwa na sare zilikuwa zinawapwaya. Walikuwa wamepona, lakini nyama ilikuwa bado haijarudi yote.

"Wifi, nipunguzie hizi kiunoni," alimwambia mkewe Bilauri, "lakini usikate kitambaa. Watanenepa tena." Akamgeukia kaka yake. "Hujambo, kaka."

"Sijambo, mdogo wangu. Karibu kiti."

Alikaa. Walikaa wote wawili wakitazama barabara kama watu wanaosubiri gari moja.

"Pipa lako lilikuwa safi," Bilauri alisema. "Nililiona siku ileile kwamba ni safi. Nilikuwa natafuta pengine pa kuliweka kosa, nikaona niliweke kwako. Nisamehe."

Mwalimu aliendelea kutazama barabara. "Lilinikera lile la tochi kuliko ugonjwa wenyewe," alisema. "Ugonjwa hauna undugu na mtu. Wewe ni ndugu yangu."

"Ni kweli."

"Sasa maji yako sawa?"

"Yako sawa. Nimeyaona yakipimwa, sikuyatazama tu."

"Mimi bado nachemsha."

"Chemsha."

Akamtazama kwa pembe ya jicho. "Haikuumi?"

"Inaniuma. Wewe chemsha tu, mpaka moyo wako utakapotulia. Mwezi, mwaka, wewe ndiye utakayejua."

Hapo Mwalimu akacheka kidogo, kicheko cha puani, cha tangu utotoni. "Kaka yangu wa zamani angenihutubia mpaka magharibi."

Msichana pacha alikuwa amesimama juu ya kigoda, mikono ameipanua, mke wa mjomba wake akimpima kiuno. Alikuwa akisikiliza kila kitu, kama kawaida yake.

"Mjomba, eti virusi vina macho?"

"Havina."

"Sasa vinaionaje njia ya kuja kwetu?"

"Haviioni, mwanangu. Vinachukuliwa tu na maji, vinafika popote maji yanapofika."

"Na wewe unavikamata?"

"Tunavikamata wengi. Mimi, na shangazi mmoja wa maabara, na shabu, na mchanga, na klorini. Mmoja akilala, wenzake wanaelemewa."

Msichana alilifikiria jambo hilo kwa makini. Kaka yake akamtekenya kwapani ghafla, naye akapiga ukelele, kigoda kikatikisika.

"Simama wima wewe!" mke wa mjomba alifoka, pini tatu zikiwa midomoni. "Nitakuchoma, halafu mtasema ni maji."